Kipaumbele Kina Kisogo

Yankul, ukumbi wa wilaya. Kiyoyozi kinanguruma
kama mtu aliyelazimishwa kuja.
Mimi ni karani. Kazi yangu kuandika yaliyosemwa,
si yaliyomezwa.

Ukutani wameangaza vipaumbele vya taifa, saba,
vimejipanga kama wanafunzi siku ya ukaguzi.
Cha kwanza, hidrojeni ya kuuza ng'ambo.
Cha pili, shaba.
Cha tatu, jua, na upepo wa Dukum.
Nateremsha macho hadi cha sita ndipo nakuta "wenyeji".
Cha saba ni "mengineyo".

Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili, alichorudi nacho bibi Shinuna
kutoka Unguja, pamoja na cherehani na picha mbili.
Kwa hiyo neno hili halinipiti hivi hivi:
kipaumbele, kile unachokipa umbele.
Na ukikipa kimoja uso
kuna kingine umekipa kisogo.
Hicho hakimo ukutani.

Bwana wa Maskati, kijana, kanzu imenyooka,
anasema dunia inahama kutoka kwenye mafuta,
umeme safi hautembei bila waya,
waya ni shaba, na shaba iko hapa
chini ya viatu vyetu.
Anasema kweli. Sitaki kumsingizia.
Mwanangu Hilali anafunga paneli juu ya mapaa ya Ibri,
kila mwezi analeta pesa na vidole vilivyobabuka.
Na mimi, joto likifika arubaini na nane,
siulizi umeme umetoka wapi. Nabonyeza tu.

Lakini ni mpito, bwana.
Mpito hupita mahali.

Akasimama Zahrani bin Sleyum, mstari wa nne,
mhasibu kwa cheti, mgawa maji kwa kurithi.
Babu yake alipima zamu kwa kivuli cha kijiti;
yeye anapima kwa simu yenye kioo kilichopasuka.
Akasema: Na sisi tuna orodha.
Kwanza maji ya kunywa.
Kisha ya udhu na kuoga.
Kisha mitende.
Yakibaki, majani ya mifugo.
Mwaka wa ukame tuliuza mbuzi, orodha hatukuigusa.
Sasa nauliza: mawe yenu huoshwa kwa maji.
Maji hayo, kwenu, ni nambari ngapi?

Mtu mmoja pale mezani
akawa anafunga na kufungua kizibo cha chupa.

"Litazingatiwa," akajibu bwana wa Maskati,
akaongeza kwamba tathmini ya athari inaandaliwa.
Nikainua kalamu.
Kwa watu wa falaji, athari ni nusu saa ya maji:
huuzwa, hurithiwa, hutolewa mahari.
Ami yangu alikufa akiacha athari tatu na deni.
Kwa watu wa wizara, athari ni sura ya kumi na moja,
baada ya faida, kabla ya viambatisho.
Neno moja, wamelishika ncha mbili,
na hakuna anayevuta.

Nimewahi kuandika "maoni yalipokelewa"
mara nyingi hadi kidole kinaandika chenyewe.
Leo nilifika "maoni ya", nikakata.
Nikaliandika swali lote, na mbuzi, na ukame,
na kizibo pia nilitaka kukiandika.

Tulikuwa kwenye cha nne, bandari na reli,
simu ya Zahrani ikalia, sauti ya jogoo.
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
Zamu ya mjane wa Musabbah imekwisha,
ya Nasra inaanza, na mlango wa mfereji
haufunguliwi na orodha ya ukutani.
Akavaa makubazi, akatuachia kiti kikiwa bado na joto lake.

Kumbukumbu, ukurasa wa tatu:
Saa nne na dakika ishirini asubuhi,
mjumbe mmoja ametoka
kwenda kugeuza maji.